Mstari Uliogeuza R Kuwa L

Ukifika kwenye dirisha lake ukataja jina lako, hakuliandika papo hapo. Alikutazama kwanza juu ya miwani, kisha akauliza, "Na mama yako anakuitaje?" Watu wazima, wengine wenye mvi, walijikuta wakicheka kwa haya mbele ya foleni nzima na kutaja jina ambalo hawakuwa wamelitamka hadharani tangu utotoni. Yeye aliandika yote mawili, la cheti na la mama, akasema, "Haya, sasa huyu tunaye."

Hospitali yenyewe sitaitaja. Iko Mwanza, upande wa ziwani, na kutoka madirisha yake ya nyuma unayaona maji. Yeye alikuwa mkuu wa masjala, yaani chumba cha mafaili ya wagonjwa, na kila mtu, kuanzia mganga mfawidhi hadi wafagiaji, alimwita Mama Masjala. Jina lake halisi ninalijua. Silitaji kwa sababu nimekwisha kulikosea mara moja, na makala hii ni habari ya kosa hilo kwa kiasi kilekile ilivyo habari yake.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na hakuwahi kukimbia. Hata moto ungewaka angeufuata kwa hatua zake zilezile. Mafaili aliyazungumzia kama watu. "Huyu amenenepa, ana kisukari." "Huyu hajaonekana miaka minne, ama amepona ama amehama." Watu wenyewe hakuwasengenya hata siku moja. Chai alikunywa juu ya kibodi, bila kifuniko, na mtu mwingine akikaribia na kikombe alimfukuza kama kuku. Radi ikipiga ziwani mara ya kwanza tu, alichomoa nyaya zote ukutani, akaitangazia foleni, "Subirini, wakubwa wanaongea," akakaa amekunja mikono mpaka mvua ipite. Kila jioni alichapisha orodha ya majina mapya ya siku hiyo akaifungia kwenye droo, kwa sababu mashine, alisema, inakufa bila kuaga. Sifa yake ya juu kabisa kwa kazi ya mtu ilikuwa, "Haijaniudhi." Mimi niliipata mara mbili katika miaka mitatu, na mara zote mbili nilienda chooni kulia.

Huyo ndiye mimi, niseme tu. Nikifunga mlango hurudi kuushika mara tatu. Nikituma ujumbe huusoma tena baada ya kuutuma, na nikikuta nafasi mbili mahali pa moja, siku yangu imeharibika. Kompyuta sikuisomea chuo chochote. Nilijifunza nyumbani Nyakato, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na baadaye kwa kompyuta ya mkononi iliyokosa herufi mbili. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hutembea na hofu moja siku zote: kwamba kuna jambo ambalo wenzake wote walifundishwa siku ya kwanza, na yeye hakuwepo.

Mama Masjala naye alijifundisha, lakini yeye hofu hiyo hakuwa nayo. Zamani hospitali iliwapeleka makarani kozi ya wiki sita. Wenzake walijifunza kuchapa barua. Yeye aliona kwamba mashine inaweza kuamriwa, akaomba kitabu, akarudi nacho, na kwa muda wa mwaka mzima, baada ya saa za kazi, akaandika programu ya kutafuta mafaili. Ilikuwa katika lugha ya programu ambayo siku hizi haifundishwi tena. Skrini yake ilikuwa nyeusi na herufi kubwa za kijani. Uliitajia jina, ikakuambia faili liko rafu gani. Kizazi kizima cha wagonjwa wa Mwanza, Sengerema na visiwani kilipatikana kwa programu hiyo.

Nilipoajiriwa, kompyuta yake ilikuwa inakufa. Kazi yangu ilikuwa kuitafsiri programu ile kwenda lugha ya kisasa. Nasema kutafsiri kwa sababu ndivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilikuwa kuhangaika na herufi: kukata jina vipande, kuunganisha vipande, kulinganisha kipande na kipande. Unasoma sentensi ya lugha moja, unaielewa, unaiandika katika nyingine. Na kama ilivyo kwa lugha za watu, maneno yanayofanana ndiyo yanayokudanganya.

Siku ya kwanza ya majaribio nilimwita aone. Nikachapa, orodha ikajaa skrini. Akasogeza miwani.

"Asanja," alisoma. "Ulwa. Oto. Agesa. Hawa ni nani?"

Lugha yake huhesabu herufi kuanzia moja. Yangu huanzia sifuri. Mimi nilinakili namba zake kama zilivyo, basi kila jina lilianzia herufi ya pili. Masanja, Kulwa, Doto na Magesa wote walikuwa wamepoteza herufi ya mwanzo.

"Umewakata vichwa," alisema.

Nikamweleza habari ya sifuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Kwa hiyo huko kwenu, mtu akizaa mtoto wa kwanza, anamwita wa sifuri?"

"Hapana, mama."

"Na wa pili ndiye wa kwanza. Maskini. Atagombea urithi huyo."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu akaniwekea andazi kwenye kibodi, juu kabisa ya herufi, akasema, "Kula. Vichwa vimerudi."

Mara nyingine ilikuwa Ng'wandu. Katika lugha yangu alama ile ya juu, kama ya kufungia nukuu, ndiyo inayoiambia mashine kwamba maneno yamekwisha. Basi mashine ilisoma Ng, ikaona alama, ikadhani jina limeisha hapo. Wasukuma wengi sana wakawa wanaitwa Ng tu. Nikapendekeza tuiondoe alama ile kwenye majina yote, maana ni alama tu.

"Hiyo si alama," alisema. "Hiyo ni pua. Sema Ng'wandu."

Nikasema.

"Sasa jizibe pua useme."

Nikajiziba pua katikati ya ofisi, nikasema, na kweli jina halikutoka. Makarani walikufa kwa kicheko. Alama ikabaki.

Ninayaeleza haya ili mjue jinsi alivyokuwa anafundisha, na kwamba nilikuwa na kila sababu ya kumuuliza jambo lolote. Kwa maana sasa nafika kwenye jambo ambalo sikumuuliza.

Programu yake alikuwa ameichapisha kwenye karatasi zile za zamani zenye matobo pembeni. Kila mstari ulikuwa na maelezo yake kwa Kiswahili safi. "Hapa tunaondoa nafasi zisizohitajika." "Hapa tunageuza herufi zote kuwa kubwa." "Hapa mtu mwenye jina moja asionewe." Mstari mmoja tu haukuwa na maelezo. Uliiambia mashine, kabla ya kulinganisha majina, igeuze kila R kuwa L.

Inabidi niseme jinsi alivyoongea. Hapa nimeandika maneno yake kwa R zote mahali pake, kwa sababu yeye mwenyewe akishika kalamu hakukosea hata moja. Lakini kwa mdomo alisema "kalibu" na "habali za asubuhi" na "mpila". Ni kawaida kabisa kwetu. Wengi tumekulia katika lugha za nyumbani ambazo hazizitenganishi sauti hizo mbili, au zinazitenganisha kwa namna nyingine. Bibi yangu mimi husema hivyohivyo.

Na bado, nilipouona mstari ule, nilifikiri hivi, na ninaandika kama nilivyofikiri: masikini, lafudhi yake imeingia mpaka kwenye programu.

Nilidhani ni kosa la mtu asiyesikia tofauti. Ningeweza kuuliza. Chumba kilikuwa kimoja, meza zetu zinagusana. Lakini ningeulizaje? "Mama, uliandika hivi kwa sababu unasema mpila?" Nikajiambia kwamba kunyamaza ni heshima. Haikuwa heshima. Mtu humwuliza yule anayeamini kwamba ana jibu, na mimi nilikwisha amini kwamba hana. Nikaufuta mstari. Katika programu yangu Mafuru alikuwa Mafuru na Mafulu alikuwa Mafulu, kila mtu na herufi zake, safi. Nikajaribu majina mia nne, nikiyanakili moja moja kutoka kwenye mafaili. Yote yakapatikana. Nililala vizuri kuliko nilivyolala kwa mwezi mzima.

Programu mpya ilikuwa na wiki mbili kazini alipoletwa mama mmoja kutoka upande wa pili wa ziwa. Walikuwa wamevuka na kivuko cha Kamanga asubuhi ile. Alikuwa mjamzito, ana homa kali, hawezi kuongea. Aliyemleta ni shemeji yake, amelowa mpaka magotini, kofia mkononi. Dirishani alikuwa karani mpya.

"Jina la mgonjwa?"

"Velonika Mafulu."

Karani akachapa alivyosikia. Mashine ikajibu kwamba hakuna mgonjwa wa jina hilo.

"Amewahi kutibiwa hapa?"

"Alijifungulia hapa, mtoto wa pili. Nilimleta mimi mwenyewe."

"Hayupo kwenye mfumo. Labda ilikuwa hospitali nyingine, kaka. Tunamfungulia faili jipya."

Faili jipya likafunguliwa, jeupe, halina kitu ndani. Mgonjwa akapelekwa wodini na faili hilo. Mama Masjala alikuwa nyuma, kwenye rafu, anapanga. Alitokea na bunda la mafaili kifuani, akamwona yule shemeji bado amesimama dirishani.

"Baba, wewe umeambiwaje?"

"Naambiwa shemeji yangu hayupo, mama. Velonika Mafulu. Na mimi nilimleta hapahapa."

Aliliweka bunda chini, sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Akaenda rafu ya M, akavuta faili moja kama mtu anayechukua chumvi jikoni kwake. Juu ya jalada palikuwa na maandishi mekundu: mgonjwa huyu asichomwe penisilini. Mara ya mwisho alivimba koo, nusura afe.

Ndipo nilipomwona akikimbia. Alikimbia kwenye korido ile na ndara zake, faili limeinuliwa juu, akipiga kelele, "Msimchome! Msimchome Veronika!" Muuguzi alikuwa amekwisha kuvuta dawa kwenye sindano. Ilikuwa ni dawa hiyohiyo.

Mgonjwa alipona, na mtoto wake. Nawaambia mapema kwa sababu najua mtakuwa mnangoja, kama nilivyongoja mimi siku tatu, nikipita mlango wa wodi ile bila kuthubutu kuingia.

Mimi nilijua ndani ya dakika moja. Niliketi nikachapa Veronika Mafuru, akatokea. Nikachapa Velonika Mafulu, hakutokea. Mstari ule haukuwa lafudhi. Ulikuwa mlango alioufungua makusudi, ili mtu wa R na mtu wa L, anayeandika na anayesikia, wakutane kwenye faili moja. Ndiyo sababu aliwauliza watu mama zao wanawaitaje. Alijua kwamba siku utakayoletwa hospitali huwezi kuongea, jina lako litatajwa na mtu mwingine, kwa mdomo wa kwao. Mimi nilijaribu majina mia nne niliyoyasoma, sikujaribu hata moja nililolisikia.

Mganga mfawidhi alituita jioni. Ni mtu mwema, mwenye haraka. Akauliza kwa nini faili halikuonekana. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Lakini Mama Masjala alinitangulia.

"Kasoro imetoka kwenye programu yangu, daktari. Ya zamani. Binti ametafsiri alichokikuta."

Mimi nikaufunga mdomo.

Siku ileile niliurudisha mstari, mlango wa ofisi nimeufunga. Sikuuwekea maelezo, maana maelezo yangekuwa ungamo. Ripoti ikaandikwa kwamba mfumo wa zamani ulikuwa na dosari iliyorithiwa, na kwamba imerekebishwa. Miezi mitatu baadaye Mama Masjala alistaafu. Kwenye hafla ya kumuaga walitoa soda na pilau, wakampa kitenge na ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Kisha mgeni rasmi akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba tunamshukuru mama kwa yote, lakini zama zimebadilika, na tunampongeza binti huyu aliyetuokoa na programu ya kizamani ambayo nusura ituletee maafa. Watu wakapiga makofi. Nilisimama, kwa sababu waliniambia nisimame. Yeye naye alipiga makofi, akinitazama juu ya miwani.

Niliishi na makofi hayo mwaka mzima. Niliandika barua kwa mganga mfawidhi mara kumi na moja, na kila mara nikaona sentensi haijakaa sawa, nikaanza upya. Ni rahisi sana kwa mtu kama mimi kuuita woga wake utaratibu.

Barua ya kumi na mbili nilimpelekea yeye kwanza. Anakaa Kirumba, mwendo mfupi kutoka soko la samaki la Mwaloni, na harufu ya dagaa inakuongoza. Nilimkuta uani, beseni mbele yake, anapara magamba ya sato.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Wamekunyima mshahara au wamekunyima mume?"

"Nimekuja kusema jambo."

"Sema. Samaki hawa hawana ndugu hapa."

Nikasema yote, nimesimama. Mstari, nilivyoufuta, nilichokifikiri nilipoufuta, hata lile neno masikini. Hakuacha kupara. Magamba yalikuwa yamemganda mpaka kwenye viwiko. Nilipomaliza aligeuza samaki upande wa pili.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Siku ile ya Veronika, kabla ya kwenda kwa daktari, niliichapisha programu yako nikaisoma. Ulidhani nachapisha majina?"

"Sasa mama, kwa nini ulisema ni kosa lako?"

Hapo aliweka kisu chini. Sikuwa nimewahi kumwona anatafuta neno.

"Nilipokuwa chuo cha uchapaji," alisema, "mwalimu alinisimamisha nisome maneno. Nikafika kwenye rula. Unajua nilivyosema. Darasa zima likaanguka. Wakaniita Lula mpaka namaliza. Mpaka siku ya kupokea cheti mtu alikuja akaniambia, hongera Lula." Alijifuta shavu kwa bega. "Mistari yote mingine niliieleza. Ule sikuueleza. Ningeandika nini? Huu ni kwa ajili ya watu wanaosema kama mimi? Niliona aibu. Wewe ukaona aibu kuniuliza, mimi nikaona aibu kuandika. Na yule mama wa watu alikuwa amelala katikati yetu, anavutiwa sindano."

Nikatoa barua. Alinawa mikono kwa sabuni, akajifuta, akaenda ndani kuchukua miwani. Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Haijaniudhi," alisema. "Ila kuna mahali umekosea."

Barua ya kumi na mbili.

"Umeandika, kosa hili ni langu peke yangu. Ondoa hilo la peke yangu."

"Siwezi, mama. Ni mimi niliyefuta."

"Unaweza. Kufuta unajua sana."

Alinitazama kuona kama nimeumia, kisha akacheka, na mimi nikacheka huku nalia, katika ua ule wenye magamba kila mahali. Nikatoa kalamu, nikakata maneno yale mawili. Barua ikachafuka. Nikataka kuiandika upya.

"Hakuna kuandika upya. Daktari anatoka saa tisa."

Aliwafunika samaki, akavaa viatu vya ngozi, akajifunga kile kitenge cha kuagwa. Njia nzima alikuwa akisalimiana na watu. Tulipofika getini, askari alituona kwa mbali, akasimama.

"Shikamoo, Mama Masjala! Karibu sana. Umesahau nini huku kwetu?"

"Sikusahau," alisema. "Kuna neno niliacha makusudi. Fungua."